Historia ya Dada Yetu Komeo, Aliyelinda Mifumo ya Ghala la Dawa

Wapendwa mliokuja kutushika mkono, kwa niaba ya familia, na kwa ruhusa ya shemeji yetu ambaye leo sauti haimtoki, nawasomea maisha ya dada yetu mkubwa, ambaye nyumbani tulimwita Dada na kazini walimwita Komeo, jina alilolinunia wiki moja na kulipenda miaka yote iliyofuata.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa kwanza wa baba fundi saa na mama muuguzi, katika vyumba viwili vilivyokuwa nyuma ya kibanda cha baba, na mama alizoea kusema kwamba mtoto huyu alianza kuuliza maswali kabla hajaota meno. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1973 hadi 1979, akamaliza sekondari mwaka 1985, kisha akaingia chuo cha ufundi na kuhitimu stashahada ya elektroniki mwaka 1988, akiwa msichana pekee darasani, na wenzake walipomtania kwamba amepotea njia ya kwenda darasa la ushonaji, aliwaambia kuwa sindano anayo na wao ndio atakaowashona kwenye mtihani, na kweli akawashona.

Tarehe 2 Mei 1989 aliajiriwa na kampuni inayosambaza dawa hospitalini, akiwa fundi wa kompyuta, enzi ambazo kompyuta zilikuwa chache na zikifunikwa vitambaa kama maharusi, akapanda ngazi kwa kusoma na kujituma hadi akawa mkuu wa usalama wa mifumo, katika ofisi isiyo na dirisha, iliyopakana na chumba cha seva, ambako baridi ya mashine ilimfanya avae sweta mwaka mzima.

Tarehe 20 Novemba 1993 alifunga ndoa na shemeji yetu, mpima ardhi, ambaye alikuwa amempelekea kompyuta ya ofisi yao kutengenezwa mara kwa mara ikiwa nzima kabisa, na Dada alijua, akaendelea kumwambia airudishe tena wiki ijayo. Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye sasa ni mkunga na kijana ambaye ni mhandisi wa maji, na mjukuu mmoja.

Mwezi Juni 2017, Jumatatu asubuhi, watunza ghala walifungua kompyuta wakakuta kila faili limegeuka maandishi yasiyosomeka, na ujumbe unaodai fedha ili yafunguliwe, kwa kuwa mfanyakazi mmoja alikuwa amefungua barua pepe iliyojifanya inatoka kwa msafirishaji. Malori yalikuwa yamepanga foleni getini, hospitali zikipiga simu kuulizia insulini na maji ya dripu, hakuna aliyejua dawa gani iko rafu ipi wala iende wapi, na mkurugenzi akamfuata Dada akiwa ameshika kichwa, akamwuliza, "Sasa tuwalipe?" Dada akamjibu, "Tukiwalipa watarudi, bosi. Waambie watu wachomoe nyaya zote, halafu niache nifanye kazi."

Kwa miaka mingi alikuwa ameweka nakala za kumbukumbu zote katika jengo lingine, kwenye diski zisizounganishwa na chochote, na mara kwa mara aliwalazimisha wenzake wafanye mazoezi ya kurudisha mifumo kana kwamba yote yameteketea, wakanung'unika kwamba Komeo anawapotezea muda kwa jambo ambalo halitatokea, lakini siku ile kila mmoja alijua pa kusimama. Dada akaingiza diski ya kwanza mwenyewe, akaanza kurudisha kumbukumbu. Watunza ghala waliandika maombi ya dharura kwa mkono, mafundi wakasafisha mashine moja baada ya nyingine, na Jumatano lori la kwanza likatoka kuelekea hospitali ya watoto, dereva akipiga honi tangu getini hadi kona ya barabara, wahalifu hawakupata hata senti, na Dada akajifungia chooni akalia kwa furaha.

Katikati ya mwaka 2022 aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akaanza kusafishwa damu, akaacha kazi lakini hakuacha kuuliza habari zake. Mwezi Oktoba 2024, akiwa amelazwa, msaidizi wake wa zamani, ambaye sasa anashika nafasi yake, alifika wodini akicheka peke yake, akamsimulia kwamba mhasibu amepigiwa simu kwa sauti ya mkurugenzi, iliyoigwa kwa kompyuta hadi kikohozi chake, ikitaka neno la siri la mfumo wa malipo, na mhasibu, kama Dada alivyowazoesha wote, akakata simu na kumpigia mkurugenzi mwenyewe, akamkuta kwa kinyozi, kichwa nusu kimenyolewa, hajui lolote. Wezi walipojaribu kuingia kwenye mfumo kwa njia nyingine walikuta timu nzima inawasubiri. Dada akauliza kwa nini hawakumpigia, na msaidizi huyo akasema, "Dada, hatukukuhitaji." Alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini, kisha akamwambia msaidizi wake kwamba hajawahi kusikia neno tamu kama hilo tangu aajiriwe.

Alifariki tarehe 11 Februari 2025 asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe, na binti yake akiwa kando.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo waliomtunza kama mama yao, majirani waliotupikia na kutulalia matanga, na wafanyakazi wa ghala la dawa, ambao leo asubuhi wametoa malori yote kwa wakati ndipo wakaja kumzika, na tunajua hakuna heshima ambayo angeipenda zaidi.

Dada yetu, umewafundisha na wameweza. Pumzika kwa amani.