Alhamisi Ylva Alipoachwa Getini

Tulikuwa tunakunywa kahawa. Ilikuwa saa tatu asubuhi, Alhamisi, tumekaa benchi letu mbele ya duka la samaki, na watoto wa chekechea wakapita kwenda msituni kama kila Alhamisi, mvua au theluji, wamevaa vizibao vya njano, wameshika kamba moja. Wakapotelea kwenye kona. Ng'ambo ya barabara, kwenye geti la chekechea, akabaki Ylva, miaka minne, kwenye kiti chake cha magurudumu. Kizibao kavaa. Mkoba wa chakula mapajani. Mwalimu mmoja kasimama naye anaangalia viatu vyake mwenyewe.

— Mmeona nilichoona? akauliza Torgeir, tunayemwita Injinia ingawa maisha yake yote kauza rangi za nyumba.

— Wamemwacha! Gunnhild akaweka kikombe chini. Huyu tunamwita Redio, habari zote za mji huanzia kwake. — Mtoto wa Randi wa hapa dukani! Hivi hivi, mchana kweupe!

— Labda anaumwa, nikasema.

— Anaumwa na mkoba kafungasha? Acha zako! akadakia Redio.

— Ni wakubwa wa serikali hao, huko Oslo, akasema Injinia. Kuna mtu kakaa ofisini, kapitisha karatasi.

— Karatasi gani? nikauliza.

— Ya magurudumu! Kuanzia mwezi huu, chochote chenye magurudumu kinalipiwa kodi msituni.

— Wewe nawe! Redio akamkata. Msitu umeuzwa. Wamenunua majirani zetu Waswidi.

— Waswidi wameingiaje hapa? akauliza Injinia.

— Hao hawaingii, unawakuta tu wameshakaa!

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mtoto alikuwa bado anaitazama ile kona.

— Mimi naandika barua kwa meya, Injinia akapiga goti lake. Mji gani huu? Sisi tunajitolea, tunavunjika migongo, halafu mtoto anaachwa getini kama mwavuli!

Migongo ilivunjika kweli. Jumamosi iliyopita mtaa mzima ulitoka kwa kazi ya kujitolea, na picha yetu watatu na sururu imebandikwa dirishani, nyuma ya benchi.

Randi akatokea dukani na aproni yake ya kazi, simu mkononi, macho mekundu.

— Randi, mwanangu, tumeona! Redio akainuka. Tumeshtuka hatuna hali!

— Wiki iliyopita alikwenda, akasema Randi. Walimsukuma mpaka juu, akachoma soseji na wenzake. Leo mwalimu kanipigia, kasema haiwezekani tena.

— Haiwezekani kwa nini? Injinia akafoka. Nani kasema?

— Ile njia ya changarawe ya kwenda msituni haipo. Kuna ngazi za mawe. Kumi na nne.

Zile ngazi ndizo kazi yetu ya Jumamosi: Injinia kazichora, mimi nikabeba mawe, Redio akapanga, na tukala keki tukisifiana mpaka jioni.

— Nilikuwa zamu Jumamosi, sikuweza kuja, Randi akasema taratibu. Nauliza tu. Kila asubuhi mnampa kipande cha mkate wa mdalasini hapa hapa. Mlipokuwa mnapanga mawe yale, hakuna hata mmoja aliyemkumbuka?

Nikatazama kikombe changu.

Kule getini Ylva akatuona, akatupungia mkono kama kila siku.