Futi ya Fundi Cherehani

Kwenye treni ya asubuhi niliketi mbele ya wanawake wawili waliokuwa ndiyo kwanza wamejuana, na kabla ya stesheni ya pili walishaanza kushindana kupungua.

"Mimi niko kwenye ule mpango wa supu za pakiti," alisema mmoja, mpishi wa shule ya bweni. "Wamenikataza hata kuonja. Mwezi mzima napika bila kuonja, dada yangu. Mimi niko vilevile, ila wanafunzi wamekonda!"

"Pole, umeingia pabaya," alijibu mwenzake, fundi cherehani. "Sisi wa mpango wa chai ya kupunguza mwili tunakunywa chai tu, na kujipima kila Jumapili. Nimepungua inchi nne!"

"Mbona gauni linakubana?"

"Vitambaa vya siku hizi vinanywea. Hata wateja wangu wote wanalalamika, na mimi nakata kwa rula ya mbao!"

Akatoa mkobani futi yake ya kitambaa. Mimi ni seremala, vipimo ndivyo vinavyonilisha. Futi ile ilikuwa imevutika kama lastiki ya soksi kuukuu. Inchi yake moja ilikuwa inchi na robo ya watu wengine. Akamzungushia mpishi kiunoni.

"Thelathini na mbili."

"Juzi kliniki walinipima arobaini!" Machozi ya furaha yalimlengalenga mpishi. "Na hiyo chai bado sijainywa!"

Futi yangu ya chuma ilikuwa mfukoni. Niliiacha huko huko, nikasimama na kunyanyua mikono.

"Fundi, na mimi, tafadhali."

Treni ikasimama kwenye stesheni yangu kabla futi haijanizunguka, nikashuka na inchi zangu zote.