Bibi Harusi wa Mwisho Kabla ya Ramadhani

Baraza letu hapa Amu, nyuma ya duka la vitambaa, lina watu watatu wa kudumu, nami wa nne mwenye kusikiliza. Yuko Abdulqadir, tumwitaye Redio, maana habari haimpiti. Yuko Bwana Khatib, Kamusi, mwenye methali nyingi na mahali pachache pa kuziweka. Na yuko Husni, siku hizi Bwana Riwaya, kwa sababu mkewe, Bi Khairiya, anatunga kitabu. Mwanamke yule ananistaajabisha, nasema wazi. Asubuhi yuko duka la dawa, mchana ana watoto, alasiri anapaka hina mabibi harusi, na kitabu kinasonga. Imebaki sura ya mwisho, na mji mzima unaingoja.

— Yeo ndiyo yeo, akaanza Redio. Khairiya yuko mtaa wa Langoni kwa bibi harusi. Baada ya huyu ni Ramadhani. Hakuna harusi, hakuna hina, hakuna riwaya.

— Kwani hawezi kuandika bila hina? nikauliza.

— Ataandika saa ngapi? akasema Redio. Bibi harusi akishapakwa, hainuki wala hashiki kitu mpaka ikauke. Basi Khairiya mkono wachora maua, kinywa chatunga, simu iko juu ya mto yarekodi. Bibi harusi akipiga miayo, sura yafutwa. Akilia, yabaki.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akasema Kamusi.

— Guu la nani, Bwana Khatib?

— La bibi harusi. Si hainuki?

Husni akanyoosha kikombe aongezwe kahawa. Uso wote ulikuwa fahari, utadhani sura zile kazitunga yeye.

— Mke wangu yule ana baraka ya wakati.

— Si baraka, akasema Redio. Siku yetu ina saa ishirini na nne. Yake kaongezwa.

— Astaghfirullah! akasema Husni.

— Basi ana jini karani, akasema Redio. Jini la Pate, lenye hati nzuri.

— Mchumia juani hulia kivulini, akakataa Kamusi. Na jini hana kivuli.



— Na asipomaliza yeo? nikauliza.

— Israa wa kitabuni atabaki gatini Ras Kitau na sanduku lake, hajui apande boti au arudi kwao. Mpaka Idi! akasema Redio.

— Mwezi mzima, na swaumu juu, akasema Kamusi, na kwa kweli alisikitika.

Mara akatokea Nyaguthii, mwalimu kutoka bara, jirani mpya wa kina Husni. Amebeba mtoto mdogo, nyayo zake nyeusi kwa hina mbichi.

— Habari zenu, wazee. Huyu amekanyaga miguu ya bibi harusi. Maua yote yameharibika, na Bi Khairiya amesimamisha hadithi. Amesema nimtafutie mtoto mtu wa kukaa naye mpaka amalize. Sasa, nimwachie nani?

Redio akatazama juu. Kamusi akatazama chini. Husni akatazama ndani ya kikombe, kama kwamba jawabu limezama kwenye kahawa. Mtoto ndiye aliyejibu: akamnyooshea Husni, babake, mikono.

Husni akaweka kikombe, akampokea. Hina ikamchafua kanzu kifuani, wala hakuifuta. Nyaguthii karudi Langoni mbio.

— Mgeni ndoo, mwenyeji apone, akasema Kamusi.

Hiyo iliingia mahali pake, ya kwanza tangu nimjue.

Mtoto akaanza kulia.

— Ana njaa, akasema Husni. Jamani, saa hizi huwa anakula nini?

Redio, ambaye habari haimpiti, hii hakuwa nayo.

— Na alie, akasema Redio hatimaye, kwa sauti ya chini. Bora alie huku, kule Israa apate kupanda boti.

Lakini Husni alikuwa ameshashika ndia, mtoto begani, akibisha mlango hata mlango kuuliza.