Chumba cha Mabati cha Karani Theonest

Marehemu baba yetu, Theonest Rwegoshora, alizaliwa Kamachumu, Bukoba, tarehe 12 Februari 1926. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane. Walimu walimsifu kwa mwandiko na kumlalamikia kwa ubishi, na vyote viwili havikumtoka.

Mwaka 1949 aliajiriwa karani wa mahakama, na mwaka 1962 akahamishiwa Dar es Salaam. Dirishani kwake walipita watu wengi wenye kesi za nyumba na viwanja. Mtu akija amenyimwa ahirisho, au hati yake imekataliwa katikati ya kesi, Baba alimwambia: "Huo ni uamuzi mdogo. Kesi haijaisha, hauna rufaa. Subiri hukumu." Mara nyingi ilikuwa kweli.

Alifunga ndoa na mama yetu, Tekla, Julai 1951. Mwaka 1968 walinunua nyumba ya makuti hapa Temeke, wakaanza kuiezeka mabati chumba kimoja kimoja. Chumba cha kwanza kilipokwisha, akajitokeza mtu akidai nyumba ni yake. Tarehe 6 Novemba 1972 mahakama ilitoa zuio: hadi kesi iishe, paa lisiguswe.

"Baba Koku, hatuwezi kukata rufaa?" Mama aliuliza.

"Mama Koku, miaka ishirini na mitatu nawaambia watu. Subiri hukumu."

Baba alizoea kuulizwa, si kuuliza. Juni 1973 alipewa jalada la mtu mwingine ili alinakili. Humo akasoma kwamba zuio la namna ile ni miongoni mwa amri chache zinazokatiwa rufaa hata kabla ya hukumu. Muda wetu ulikuwa umeshapita. Aliomba aongezewe, akakataliwa. Siku hiyo hakula. Alimwambia Mama, "Nimekukosea, na kitabu cha sheria kilikuwa mezani kwangu." Nayasema haya mbele yenu kwa sababu mwenyewe aliniagiza.

Tangu hapo, kila aliyefika dirishani na zuio alimwambia: "Mie la kwangu nilikosea. Nenda kwa wakili leo leo." Bibi Mwajabu, jirani yetu aliyeketi hapo mbele, alikwenda. Mahakama ya juu iliondoa zuio lake, na masika haya amelala pakavu.

Kwetu makuti yalioza. Baba alituachia chumba cha mabati, mimi, Mama na mdogo wangu, akahamia kwenye makuti. Tulimsihi sana. Alisema kosa ni lake. Aprili alishikwa na homa ya mapafu, na Alhamisi, tarehe 9 Mei 1974, alifariki dunia. Inatuuma sana. Jana tulimleta nyumbani, tukamlaza chumba cha mabati. Mvua ilinyesha kutwa, na hakulowa.

Ameacha mjane, Tekla, na watoto wawili: Didas, na mimi Kokuberwa. Ameacha pia kesi, itakayotajwa tarehe 4 Juni. Mama ataingia mahakamani mwenyewe.

Baba, pumzika kwa amani. Hukumu tutaisubiri sisi.