Sahani za Wakwe wa Makumira

Benchi letu liko Levolosi, kwenye kona, mkabala na duka la vyombo la mama Nalini. Lina miguu mitatu na tofali moja, na mimi nimelikalia miaka kumi na moja bila kusikia jambo lililofikishwa mwisho. Nimelichoka, ila sina lingine. Ijumaa hiyo Mika alikuwa anamimina birika la pili la kahawa, ile anayoileta mwenyewe kutoka shamba la mama yake huko mlimani. Wenyewe tulikuwa kamili. Alikuwepo Prosper, tunayemwita Wakili kwa kuwa aliwahi kuwa shahidi kwenye kesi ya ng'ombe. Alikuwepo Bariki, ambaye ni Keta, yaani mpishi wa shughuli, kwa ile miaka miwili aliyobeba masufuria kwenye harusi za watu. Na alikuwepo mzee Meshack, ambaye jina lake la benchi ni Vyovyote, kwa sababu ukimuuliza chai au kahawa, leo au kesho, hujibu hilo hilo.

VYOVYOTE: Kesho wanakuja.

WAKILI: Akina nani?

VYOVYOTE: Wakwe wa Makumira. Wanaleta posa ya binti yangu Angel. Na mama Angel kaniambia nivuke hapo dukani nichague vyombo vya kuandalia meza.

KETA: Wewe?

VYOVYOTE: Mimi. Nikamwambia, mama Angel, chukua vyovyote. Halafu akasema, "Miaka ishirini na nane nachagua mimi, na lawama nabeba mimi. Nimechoka. Safari hii chagua wewe. Usipochagua, kesho naenda zangu kwa dada yangu Usa River, wageni utawapokea mwenyewe."

KETA: Mkeo Magdalena kasema hivyo? Yule mpole?

VYOVYOTE: Tena bila kupandisha sauti. Ndipo nikaogopa.

Chanzo tulikijua sote. Krismasi iliyopita wakwe hao walikuja kufahamiana, na Magdalena, kama wanawake wote wa mtaa huu, aliazima vyombo vya kanisani. Vyombo vya namna hiyo huandikwa chini kwa rangi ya kucha ili visipotee. Mama wa kijana akanyanyua bakuli la ndizi ampelekee mumewe, akaona maandishi mekundu: MALI YA KWAYA, RUDISHA. Akayasoma kwa sauti, maana ni mwalimu, na walimu hawawezi kuacha maandishi yapite. Watu walicheka kwa adabu, na kicheko cha adabu ndicho kibaya zaidi. Tangu siku hiyo Magdalena hajaazima hata kijiko, na mimi simlaumu.

Vyovyote akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka. Angel alikuwa amemtumia picha za meza.

WAKILI: Hizi sahani mbona zimepandana?

KETA: Ya chini ni ya pambo, Wakili. Haitumiki kulia chakula. Unaweka ya dhahabu chini, nyeupe juu, kitambaa unakikunja kama ua. Halafu ndio mgeni anakaa.

WAKILI: Na chakula?

KETA: Chakula kinakuja baadaye.

WAKILI: Yaani mtu anatoka Makumira na njaa yake, anakaribishwa na sahani mbili tupu? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapo nani kapona?

MIKA: Anayeosha hajapona.

WAKILI: Isitoshe, dhahabu ni ushahidi. Mshenga akiiona atasema, aisee, nyumba hii haina shida, punguzeni ng'ombe.

KETA: Kinyume! Wataongeza. Binti aliyelelewa na sahani ya dhahabu humpati kwa ng'ombe wale wale.

VYOVYOTE: Sasa nichukue ya dhahabu au nisichukue?

Kwenye benchi letu anayeuliza huwa anasubiri, na mwenye nadharia hasubiri. Nikamwambia nyeupe za duara hazina ugomvi. Nikaambiwa mimi sijawahi kwenda hata ukumbini.

KETA: Siku hizi mjini ni nyeusi, bana. Nyeusi tititi.

WAKILI: Nyeusi hapana! Weka maharage kwenye sahani nyeusi uone. Mgeni anapapasa na kijiko kama anatafuta funguo. Na mama wa kijana akishindwa kukiona chakula atasema kafichiwa uchawi ndani. Hapo posa imekufa.

KETA: Basi za pembe nne.

WAKILI: Mbaya kuliko zote. Mchuzi unakimbilia pembeni, mtu anaufuata na kidole mbele ya mchungaji. Shangazi yangu wa Terrat aliposwa kwenye sahani za pembe. Ndoa ilidumu msimu mmoja wa mahindi.

MIKA: Si mumewe alikuwa mlevi?

WAKILI: Alianzia kwenye pembe.

VYOVYOTE: Angel anataka pia loshoro iwekwe kwenye glasi za mguu mrefu.

Hapo hata Mika aliweka birika chini. Loshoro yetu, mahindi na maziwa ya mgando, chakula cha kushiba, ndani ya glasi ya mvinyo.

WAKILI: Mzee wa Kimeru anywe loshoro kwenye glasi ya mguu? Pua itaingia, masharubu yatabaki nje. Punje ya mahindi ikikwama pale chini ataipata na nini?

KETA: Ndio fasheni. Na ndizi unazipanga kwenye kile kisimamio cha ghorofa tatu.

WAKILI: Ghorofa tatu! Nani atachukua ya juu? Atakayechukua ya juu kajifanya mkubwa wa ukoo. Atakayepewa ya chini anaondoka na kinyongo, mwakani kuna kesi ya mpaka wa shamba. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

MIKA: Hiyo inahusiana nini?

WAKILI: Inahusiana. Fikiria utaona.

Nilifikiria, sikuona. Jua lilikuwa limepanda, kahawa ilikuwa imepoa, na Vyovyote alikuwa ameinamia simu, macho mekundu. Nilimwonea huruma. Alikuja kutafuta sahani, akapewa uchawi, talaka na kesi ya ardhi.

Ndipo Harleen, binti wa mama Nalini, akavuka barabara na kijitabu mkononi.

HARLEEN: Shikamooni.

SOTE: Marahaba.

HARLEEN: Mzee Meshack, mama Magdalena alipiga simu asubuhi, akasema utakuja. Leo tunafunga saa saba, mama ana safari. Niambie watu wangapi, nianze kufunga boksi, rangi utachagua ukifika.

Vyovyote akahesabu kwa vidole. Wazee wanne wa Makumira na wake zao watatu, saba. Mshenga wa nane. Mchungaji wa tisa. Ndugu zake wawili, kumi na moja. Na yeye mwenyewe.

VYOVYOTE: Kumi na mbili.

HARLEEN: Vizuri, ni seti moja kamili. Na mama Magdalena?

VYOVYOTE: Mama Magdalena nini?

HARLEEN: Yeye anakula kwenye sahani ipi?

Keta akatazama viatu vyake.

KETA: Kwenye shughuli mama mwenye nyumba anakuwa jikoni. Mimi nimehudumia harusi nyingi. Sijawahi...

Wakili alifungua mdomo, nikajua anatafuta methali. Badala yake akaomba kahawa.

HARLEEN: Nauliza tu, maana haziuzwi moja moja.

Vyovyote akapiga simu. Simu yake ni mbovu, haisikiki mpaka uweke sauti ya nje, kwa hiyo tulisikia sote.

VYOVYOTE: Mama Angel.

MAGDALENA: Umechagua?

VYOVYOTE: Bado. Nauliza kitu. Wageni wakija, wewe unakulaga kwenye nini?

Tulisikia maji yakimwagwa huko kwake.

MAGDALENA: Kwenye sufuria. Nikishapakua, kinachobaki nakula nimesimama. Kwani kuna nini?

VYOVYOTE: Hakuna kitu.

MAGDALENA: Basi chagua vyombo, baba Angel.

Akakata. Vyovyote akasimama.

VYOVYOTE: Nyeupe. Za duara. Kumi na mbili hizo hizo. Mimi kesho nitakula kwenye sufuria.

WAKILI: Baba wa binti? Mbele ya wakwe? Watasemaje?

VYOVYOTE: Waseme.

Akavuka barabara na Harleen, hakugeuka nyuma. Keta akasema huo ndio mwisho wa heshima ya wanaume Levolosi, Wakili akasema atalitolea hoja kesho, Mika akaanza kukusanya vikombe. Mimi nilibaki nimekaa, nikijaribu kukumbuka ni lini nilimwona mke wangu akila siku tuliyokuwa na wageni. Nilirudi nyuma hadi siku ya harusi yetu, sikukumbuka.