Figo za Ziwa: Maisha ya Mwalimu Teodora Mihayo, 1953–2025

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, wanandugu na majirani, mimi ni Revocatus Mihayo, mdogo wake marehemu. Familia imenipa kazi ya kusoma wasifu huu, na imeniomba nisisome kwa hasira. Nimekubali kusoma.

Teodora alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 hapa hapa Mwalubega, ufukweni, ambako leo ni Wilaya ya Magu. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mihayo na Mama Sabina, wakulima wa pamba. Nyumba yao ilitazamana na kinamasi cha mafunjo cha ekari nne, mali ya familia yetu, hicho mnachokiona nyuma ya turubai, mahali mto wetu unapopita kabla ya kuingia ziwani.

Alisoma shule ya msingi kijijini, akaenda sekondari ya wasichana Mwanza hadi mwaka 1972, kisha Chuo cha Ualimu Butimba, alikohitimu mwaka 1974. Huko mkufunzi wa jiografia aliwaambia kwamba wako wanasayansi wanaoiona Dunia nzima, pamoja na hewa, maji na viumbe vyake, kama mwili mmoja ulio hai, unaojipima joto na kujirekebisha wenyewe. Darasa lilicheka. Teodora naye alicheka, na hakuwahi kulificha hilo.

Alianza kufundisha hapa kijijini Januari 1975. Mwaka 1981, kwa kuitikia sera ya elimu ya kujitegemea, aliongoza wanafunzi kufyeka mafunjo yote ya kinamasi hiki wapande mpunga wa shule. Misimu miwili walivuna sana, akapewa cheti. Msimu wa tatu tope la mto likaingia moja kwa moja ziwani. Maji ya kuchota yakawa na rangi ya chai ya maziwa, sato wakaihama ghuba, na watoto wa darasa lake mwenyewe wakaugua matumbo. Wapo waliotaka atafutwe mchawi. Dada alikitoa cheti ukutani, akaingia kwenye matope na wanafunzi wale wale, wakapanda mizizi ya mafunjo kwa mikono. Kazi hiyo ilichukua miaka minne. Maji yalipotakata alisema, "Hizi ni figo za ziwa. Nilizikata kwa panga, nikapigiwa makofi."

Tangu hapo hakucheka tena habari za mkufunzi wake. Aliwakimbiza wanafunzi wa darasa la sita kuzunguka uwanja saa saba mchana, kisha akawauliza, "Nani amewaamuru mtoke jasho?"

"Hakuna, mwalimu."

"Basi na ziwa nalo likipata joto linapandisha mvuke, mawingu yanatanda, mvua inashuka, linapoa. Halisubiri barua ya mkuu wa wilaya."

Wakamwita Mwalimu Jasho, na jina hilo alilipenda kuliko cheti chochote. Katekista mmoja alimwambia mbele za watu kwamba anafundisha watoto kuabudu ardhi. Alimjibu, "Namwabudu aliyeiumba. Ila kitu kikiwa hai, siwezi kukiita maiti ili wewe uridhike." Jumapili iliyofuata alikaa benchi la mbele.

Alifunga ndoa na Bwana Yakobo Nkwabi, karani wa kiwanda cha kuchambua pamba, tarehe 24 Novemba 1979. Shemeji alikuwa mtu mpole, na alihitaji upole huo. Walijaliwa watoto wawili. Bwana Yakobo alitangulia mwaka 2011.

Ziwa lilipojaa mwaka 2020, mawimbi yalibomoa nyumba za jirani ambako mafunjo yalikuwa yamefyekwa. Kwake mafunjo yaliyapunguza nguvu, nyumba ikapona, lakini shamba lake lote la mahindi lilizama. Nilimwuliza, "Haya, huyo hai wako mbona anakula mahindi yako?" Akasema, "Revo, kujirekebisha si kutupendelea. Dunia itapona tu. Swali ni kama itapona na sisi tukiwemo."

Mwaka 2023 madaktari walimwambia kwamba figo zake zimeshindwa kazi. Akaanza kusafishwa damu Mwanza mara tatu kwa wiki. Bima ililipia mashine, lakini safari ya kutoka huku ilikuwa inammaliza. Ndipo mabwana wawili wa mjini walipokuja kutaka kinamasi wakifukie wajenge hoteli, na badala yake wampe nyumba ya vyumba vitatu Nyamagana, dakika kumi kwa bajaji hadi hospitali. Sheria ya kutojenga ndani ya mita sitini kutoka ziwani tunaijua, na tunajua inavyorukwa. Mimi nilipiga magoti. Nilimwambia, "Dada, toa. Nakuomba." Akasema, "Ziwa litoe figo zake ili mimi nisogee karibu na mashine? Wanaochota maji hapa wana mashine gani?"

Tarehe 3 Aprili mwaka huu mvua ilikata barabara, naye akakosa kusafishwa mara mbili mfululizo. Alifariki dunia nyumbani kwake Jumanne, tarehe 8 Aprili 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na miwili.

Tangu juzi nasikia minong'ono huko kwenye majiko kwamba mafunjo ndiyo yamemuua. Siwalaumu, maana Jumanne hilo nililisema mimi kwa sauti kubwa kuliko ninyi. Jumatano nilikwenda kwa miguu hadi barabara ilipokatika. Ni pale chini ya bonde la juu la mto wetu, ambako mafunjo yalimalizwa miaka sita iliyopita. Zamani mto ukifurika ulitandaa humo taratibu. Sasa hauna pa kutandaa, umepita na daraja. Dada yangu ameuawa na mafunjo yaliyokatwa. Hayo yaliyosimama hayana kosa, na atakayerudia uzushi huo aje aniambie mimi usoni.

Jana kikao cha familia kiliamua kwamba kinamasi hiki hakiuzwi, hakibadilishwi, wala hakifukiwi, na tumekikabidhi kwa serikali ya kijiji kiwe hifadhi. Wote walisaini asubuhi. Mimi nilisaini mwishoni kabisa, mchana, na nililia.

Marehemu ameacha watoto wawili, Jonathan na Winnie, wajukuu watano wakiongozwa na Precious, mdogo mmoja mbishi, na wanafunzi wa miaka thelathini na minane ambao sitaweza kuwahesabu.

Mabwana wa mjini nawaona mmekaa pale nyuma. Asanteni kwa rambirambi. Kuleni wali mshibe, ni msiba wa watu wote. Mkishamaliza, msinitafute.

Mungu amlaze dada yetu mahali pa amani. Yeye amepumzika. Sisi bado.