Mikono Iliyofunikwa na Godoro

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa televisheni yetu. Viongozi wetu wa dini. Ndugu, jamaa na marafiki:

Karibu sana, Mkurugenzi. Sisi viziwi hupiga makofi kwa kupunga viganja hewani, kwa hiyo usidhani tunakuaga. Risala hii inasomwa kwa sauti na mkalimani wetu wa lugha ya alama, Mama Mikono, naye ameapa kutoruka neno, hata pale anaposifiwa.

TULIKOTOKA
Mwenyekiti wetu, fundi cherehani, amehudhuria ibada tangu utotoni. Wenzake wakisimama, husimama. Wakiinama, huinama. Wakilia, hutazama viatu vyake. Ulipoanzisha kipindi cha Neno la Asubuhi, ukamweka Mama Mikono kwenye kidirisha pembeni mwa skrini, fundi aliona mahubiri kwa lugha yake kwa mara ya kwanza. Akasahau pasi juu ya suruali ya mteja. Suruali iliungua, mteja akafoka, fundi akabaki anatabasamu tu.

MAFANIKIO
Mashehe na wachungaji huhubiri kwa zamu, nasi, Waislamu kwa Wakristo, hukusanyika dukani kwa fundi kuwajadili kwa mikono mpaka vikombe vya chai vinapinduka. Mama Mikono, Mungu akuzidishie!

CHANGAMOTO
Asubuhi moja mhubiri alizungumzia ndugu waliokosana. Fundi na kaka yake walikuwa hawasalimiani tangu mazishi ya mama yao. Akasogeza kiti.

"Nenda kwa ndugu yako," mikono ikasema, "ukamwambie..."

Hapo likatokea tangazo la godoro, likaifunika mikono ile hadi kipindi kikaisha.

Fundi akaenda hivyo hivyo. Kaka akafungua mlango, uso kaukunja, akauliza kwa ishara zao za utotoni, "Unataka nini?"

"Nimetumwa nikuambie jambo, lakini godoro limeliziba."

Kaka akamkodolea macho, kisha akacheka mpaka akashikilia mlango. "Ingia, mdogo wangu. Mama angetuchapa wote wawili."

OMBI LETU
Mheshimiwa, si kila mtu amejaliwa kaka mcheshi. Tunajua matangazo ndiyo yanayowalisha. Tunaomba yahamie upande wa pili wa skrini, na kidirisha kipanuliwe, maana Mama Mikono tuliyenaye hapa ni mtu mzima, kule kwenye skrini ni stempu.

Mungu, anayetuelewa bila mkalimani, akulinde wewe na nyumba yako.

Ni sisi,
Kikundi cha Tusikie kwa Macho